Faraja kwa Njia ya Simu: Khabari ya Wanawake Vijana Waliotibiwa Saratani ya Titi

Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa jumuiya

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, jamaa zake na masahaba zake.



Khabari inayoletwa mbele ya mkutano huu ni ile ambayo aghalabu husemwa kwa kunong'ona. Ni khabari ya mwanamke kijana aliyeshikwa na saratani ya titi, akatibiwa, akarudi nyumbani kwake. Majirani huja wakasema, "Alhamdulillahi, amepona," kisha kila mtu hushika njia yake. Kumbe kwa huyo bibi, siku ya kurudi nyumbani ndiyo siku unapoanza mtihani wa pili.

Katika Rwanda, tiba yenyewe imesogea karibu kuliko zamani. Hospitali ya Butaro, wilayani Burera, ilifungua kituo chake cha saratani mwaka 2012. Na matibabu ya mionzi, ambayo hapo kabla wagonjwa waliyafuata nchi za nje, yalianza kutolewa Kanombe, mjini Kigali, mwaka 2019. Hata hivyo, uchunguzi wa wagonjwa 144 wa saratani ya titi katika hospitali za Butaro na Rwinkwavu, uliotangazwa mwaka 2015, ulionyesha kuwa kwa nusu yao ilipita miezi 15 au zaidi tangu kuona dalili hadi ugonjwa kutambuliwa. Haya na hofu zina sehemu yake katika kuchelewa huko; na haya hiyo hiyo humfuata mgonjwa hata baada ya kutibiwa.

Tena yapasa ijulikane kwamba mwanamke wa miaka 60 na mwanamke wa miaka 30 hawana maswali mamoja. Huyu kijana ana mtoto wa kunyonya, au hajajaaliwa kuzaa; ana mume, au angali akingojea posa. Dawa kali za saratani huweza kukatiza hedhi yake kabla ya wakati. Vidonge vya tamoxifen, ambavyo wengi huandikiwa kwa miaka 5 na wengine hata 10, havimruhusu kushika mimba wakati anapovitumia. Mkono wake huweza kuvimba, ikiwa tezi za kwapani ziliondolewa. Mambo haya hawezi kumwuliza mama mkwe. Humwonea haya daktari mwanamume. Na pengine katika mtaa mzima hamna mwenziwe wa rika lake aliyepatwa na jambo hilo.

Upweke huo ndio uliowafanya wanawake vijana watatu katika mji wa New York, Marekani, kuanzisha mwaka 1998 chama kiitwacho Young Survival Coalition, kwa ajili ya wale wanaougua wakiwa bado vijana. Chama hicho kiliweka baraza la mazungumzo katika intaneti, mwanamke akaweza kuuliza swali lake usiku wa manane na kujibiwa na mwenziwe aliye mji wa mbali, asiyemjua kwa sura lakini anayemjua kwa maumivu.

Leo kazi ya namna hiyo haihitaji mali nyingi. Simu iliyo mkononi mwa bibi wa Biryogo au Nyamirambo yatosha, kwa kundi la WhatsApp la watu kumi au ishirini. Asiyejua kusoma hakuachwa nje, kwani tangu mwaka 2013 simu hizo hupeleka sauti: yeye husema, na mwenziwe humsikiliza.

Faida ya kwanza ni kuondolewa upweke. Ya pili ni kukumbushana. Kidonge cha kila siku kwa miaka 5 chachosha, hasa kwa mtu asiyesikia maumivu yoyote, na neno moja la mwenzi, "Je, umekunywa chako leo?", laweza kumzuia asikiache. Ya tatu ni kupata khabari za kweli. Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa wanawake 516, wenye umri wa miaka 42 na chini, ambao baada ya kutumia dawa za homoni kwa miezi 18 hadi 30 walizisimamisha kwa muda ili wapate kuzaa. Katika miaka ile michache ya kufuatiliwa, saratani haikuwarudia zaidi ya wenzao ambao hawakusimamisha. Huo si mfano wa kuigwa na mtu peke yake bila ya daktari. Lakini ni mwanamke gani aliyekata tamaa ya kuitwa mama asiyestahili kuusikia?

Pamoja na faida hizo, kuna mambo mawili ya kuogopwa.

La kwanza ni kutolewa kwa siri. Kampuni ya WhatsApp tangu mwaka 2016 huyafunga maneno njiani, hata yenyewe isiweze kuyasoma. Bali hakuna kufuli linalomzuia mwana kundi kuyapiga picha na kumpelekea jirani, wala mume kuishika simu ya mkewe na kusoma siri za wake za watu. Qurani Tukufu, katika sura ya Hujurat, yakataza kupelelezana na kusengenyana. Siri ya mgonjwa ni amana, na kuitoa ni khiyana. Posa ngapi zimevunjika kwa neno moja lililotoka nyumba hata nyumba!

La pili ni dawa za kusikia. Mtu huandika kwamba habasoda imemponya shangazi yake, na bibi kijana akaacha vidonge vyake. Habasoda ina heshima yake kwa Waislamu, wala hakuna anayeikataza kwa dharau. Lakini haichukui nafasi ya tiba ya hospitali, na anayetaka kuitumia na amwambie daktari wake kwanza. Mtume (S.A.W.) alihimiza kutafuta dawa, na muuguzi aliyesomea kazi yake ni katika njia za dawa hiyo.

Basi yafaa kila kundi liwe na muuguzi mmoja wa kusahihisha khabari za tiba, na mwalimu mmoja wa kike wa kujibu mas'ala ya dini. Unapokaribia mwezi wa Ramadhani, wengi huona aibu kula mchana. Mwalimu atawakumbusha ruhusa ya mgonjwa kufungua na kulipa baadaye, na muuguzi atawaeleza kama kidonge cha mara moja kwa siku chaweza kunywewa baada ya futari.

Kwa jumuiya, msaada ni mwepesi: kumnunulia asiye na uwezo vocha ya simu, kama anavyonunuliwa nauli ya kwenda Butaro. Kwa waume, ni kumwachia mke simu yake na siri ya wenziwe. Na kwa akina mama wazima, ni kubisha hodi. Kwa maana simu yaweza kuleta sauti ya mwenzi, lakini haiwezi kumwinulia ndoo ya maji mwenye mkono uliovimba.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wote, awarehemu waliotangulia, na azitie huruma nyoyo za walio wazima. Amin.

Wabillahi taufiq.