Leza Haimwondoi Fundi: Usawa wa Majengo Yetu Milimani

(Mada iliyotolewa kwa kamati za ujenzi za Karagwe na Kyerwa)



Nimeombwa nizungumzie kipima usawa cha leza, maana kamati kadhaa zinauliza kama kinafaa kuingizwa kwenye bajeti. Jibu langu ni hili: kinafaa, ila pale tu penye mtu anayejua kukihakiki.

Sisi tunajenga milimani. Kiwanja kikishuka mita 1 kwa kila mita 10, jengo la mita 12 litakuwa na tofauti ya mita 1 na sentimita 20 kati ya upande wa juu na wa chini. Hapo msingi hujengwa kwa ngazi, na kila ngazi lazima ilale sawa. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliua watu na kubomoa nyumba nyingi mkoani Kagera. Kwa hiyo mkanda wa zege unaofunga kuta juu ya milango na madirisha si pambo. Unatakiwa uzunguke jengo lote katika usawa mmoja, bila kukatika.

Kwa miaka mingi mafundi wetu wametumia mpira wa maji. Maji hayadanganyi, mradi mpira uwe safi na usiwe na mapovu ya hewa. Lakini kazi hiyo huhitaji watu wawili na muda. Leza humwezesha fundi mmoja kuhamisha alama kutoka pembe hadi pembe kwa dakika chache. Husaidia pia kupanga mbao za kupokea paa, na kupima mteremko wa mfereji wa maji ya mvua: sentimita 10 kwa mita 10 zinatosha kuyafikisha tangini.

Leza ina udhaifu wake. Jua la mchana huufifisha mwanga, hivyo nje ifanyeni kazi asubuhi mapema au jioni, au nunueni na kipokeaji chake. Kikianguka, chaweza kupotoka bila kuonyesha dalili. Watoto wasiuangalie mwanga huo machoni.

Kukihakiki ni rahisi. Chagueni kuta mbili zinazotazamana, umbali wa mita 10. Wekeni chombo katikati, tieni alama kila ukuta. Alama hizo ziko sawa hata chombo kikiwa kibovu, kwa kuwa umbali ni uleule pande zote. Kisha kisogezeni karibu na ukuta mmoja. Pimeni mwanga umepita sentimita ngapi juu au chini ya alama kwenye kila ukuta. Vipimo vikilingana, chombo ni kizima. Vikipishana zaidi ya kiasi alichoandika mtengenezaji, rudini kwenye mpira wa maji.

Wafadhili wetu, sharika tatu au nne zaweza kutumia chombo kimoja. Fedha itakayobaki inunue nondo na saruji. Leza huonyesha usawa tu. Haioni zege lililopunguzwa saruji wala nondo iliyoachwa.

Basi kila kamati, kabla ya kuidhinisha malipo ya msingi na ya mkanda, imtake fundi ahakiki usawa mbele ya wajumbe wawili, na vipimo viandikwe daftarini.