Aliyengojewa Kwenye Theluji

 

Sisi tuliozaliwa karibu na ikweta, theluji twaijua kwa mbali tu. Twaiona asubuhi juu ya Mlima Kenya kabla mawingu hayajaufunika, kisha twaendelea kukama ng'ombe. Philip Boit naye alikuwa hivyo hivyo. Alikuwa mkimbiaji wa mita 800 kutoka upande wa Eldoret, na mguu wake haukupata kukanyaga theluji mpaka mwaka wa 1996, alipokwenda Finland pamoja na mwenzake, Henry Bitok. Kampuni ya Nike ndiyo iliyolipa gharama. Walikwenda kujifunza kuteleza juu ya zile mbao ndefu nyembamba zinazofungwa miguuni.

Hebu fikirini safari hiyo. Katika nchi zile watoto huvaa mbao hizo tangu wangali wadogo. Huyu wetu alikuwa mtu mzima wa miaka 24, mwenye mbio zake, na sasa ilimpasa kufundishwa upya hata kusimama! Wengi wetu tungalirudi nyumbani juma lile lile, tukasema baridi imetushinda.

Yeye hakurudi. Mwaka wa 1998 alifika Nagano, Japani, kwenye Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi. Mchezaji wa Kenya alikuwa yeye peke yake. Tarehe 12 Februari akashindana katika kilomita 10. Mshindi alikuwa Bjørn Dæhlie wa Norway, aliyetumia dakika 27 na sekunde 24, na hiyo ilikuwa nishani yake ya sita ya dhahabu katika Olimpiki. Boit alitumia dakika 47 na sekunde 25. Katika watu 92 waliomaliza, alikuwa wa 92.

Wapendwa, jambo tunalotaka mlitazame ni hili. Dæhlie alikuwa amekwisha kushinda. Alikuwa na jasho mwilini katika baridi ile, na sherehe ya kuwapa washindi nishani ilikuwa tayari. Nani angalimlaumu kama angalikwenda kubadili nguo? Lakini alikataa kuondoka. Sherehe ikangoja. Akasimama pale mwisho wa njia, mtu bora kuliko wote katika mchezo ule, akimngoja mtu wa mwisho kabisa ambaye hawakuwa hata na lugha moja ya mama. Boit alipofika, akamkumbatia.

Tulipoisikia habari hiyo tulimkumbuka yule baba katika mfano wa Bwana Yesu, ambaye macho yake hayakuchoka kuitazama njia. Tena tukaona haya, na tutawaambia kwa nini.

Katika darasa letu la ngumbaru, kule kanisani, yuko mama mmoja mzee. Alianza kujifunza kusoma wakati wajukuu wake wamekwisha kumaliza shule. Siku moja kila mtu alitakiwa kusimama asome ukurasa mmoja. Wenye kusoma upesi walisoma, wakapigiwa makofi. Zamu ya mama ikawa ya mwisho. Alisoma kwa kidole, neno moja, kisha akapumzika, kisha neno jingine. Harufu ya chai ikatoka jikoni. Mmoja wetu akainuka, akafuatwa na wa pili, na sisi wengine tukanyata nyuma yao. Alipoinua macho kutoka kitabuni alikuta mabenchi matupu na mwalimu peke yake. Hakutulaumu. Alikuja akanywa chai pamoja nasi, kimya.

Tumekwenda kwake kumwomba radhi. Alicheka, akatuuliza kama chai ile ilikuwa na sukari ya kutosha.

Boit alirudi tena kwenye michezo hiyo mwaka wa 2002 huko Salt Lake City, na mwaka wa 2006 huko Turin. Nyumbani kwake yuko mwana aliyepewa jina la Dæhlie, jina la Norway katika boma la Wakalenjin.

Na mama yetu angali anakuja darasani. Alhamisi hii atasoma tena, ukurasa mzima. Tumekubaliana kwamba hakuna atakayeinuka kwenye benchi mpaka afunge kitabu. Hata wapishi wataitwa waingie ndani, na chai itakaa mekoni.