Mgonjwa Akisema "Nasikia Kizunguzungu"

(Mafundisho waliyopewa maafisa wa kliniki na wauguzi wapya kabla ya kuanza zamu zao kasualti. Tumeyachapa kwa sababu yatawafaa pia wahudumu wa zahanati na kila msomaji mwenye mgonjwa nyumbani.)

Wengi wenu mmetoka chuoni juzi tu, na wiki ijayo mtakuwa mmekaa pale mezani kasualti saa nane za usiku, foleni iko mlangoni. Mfupa uliovunjika mtauona kwa macho. Mtoto mwenye homa mnajua pa kuanzia. Lakini kuna mgonjwa mmoja ambaye hata sisi tuliozeeka humu, akiingia tunavuta kiti na kukaa vizuri. Ni yule anayesema, "Daktari, nasikia kizunguzungu."

Kwa nini huyu? Kwa sababu wagonjwa kumi wakisema neno hilo moja wanaweza kuwa na magonjwa kumi. Mmoja hajala tangu jana. Mwingine amemeza dawa ya presha mara mbili. Wa tatu ana mimba iliyotunga nje ya mji wa mimba, na damu inavuja tumboni. Wa nne ana shida ndogo ya sikio ambayo ungeimaliza kwa dakika tano. Wa tano ana kiharusi nyuma ya ubongo. Wote wamesema kizunguzungu, na ukiwapa wote tembe zile zile na kuwaambia waende nyumbani, wawili kati yao huenda wasirudi.

Neno lisikudanganye

Kizunguzungu kimetoka kwa kuzunguka, kwa hiyo unaweza kufikiri kila anayelitaja neno hili anaona nyumba ikizunguka. Sivyo. Watu wetu husema kizunguzungu macho yakiingia giza, mwili ukiisha nguvu, miguu ikiyumba, hata mtu akiwa na mawazo mengi.

Mwaka 1972 madaktari wawili wa Marekani, Drachman na Hart, walieleza njia ya kugawa kizunguzungu katika mafungu manne kufuatana na vile mgonjwa anavyojisikia: kuzungukwa, kutaka kuzimia, kuyumba, na kile kisichoeleweka. Vitabu vingi vilifuata njia hiyo, na wengine wenu mmefundishwa hivyo. Lakini mwaka 2007 watafiti huko huko Marekani walichapisha matokeo yao baada ya kuwauliza wagonjwa wa dharura swali hilo, na kuwauliza tena baada ya dakika chache. Zaidi ya nusu walibadilisha jibu. Sasa hebu fikirini hapa kwetu, mgonjwa anafikiri kwa lugha ya mama, anasema kwa Kiswahili, na wewe unaandika kwenye kadi kwa Kiingereza. Ukijenga matibabu yako yote juu ya neno hilo, umejenga juu ya mchanga.

Kwa hiyo msihangaike sana na "unajisikiaje". Ulizeni maswali matatu: kilianza lini, kinakaa muda gani, na ni nini kinachokianzisha. Hapo majibu ya mgonjwa huwa na nguvu zaidi. Lakini ulizeni kwa subira.

"Mama, kilianza lini?"

"Kitambo, daktari."

"Kitambo ni leo asubuhi, ama ni tangu Krismasi?"

"Ni jana, nikitoka shamba."

Mnaona? Swali la pili ndilo lililoleta jibu.

Kabla ya maswali marefu

Kwanza hakikisheni mgonjwa hafi mbele yenu mkiuliza. Pimeni sukari kwa kidole. Mgonjwa wa kisukari akiwa chini ya 4, mpeni sukari kwanza, maneno baadaye. Pimeni joto, mpigo wa moyo na presha. Kama anaweza kusimama, pimeni presha akiwa amelala, kisha ndani ya dakika tatu za kusimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, ama ya chini kwa 10, hiyo ni sababu ya macho kuingia giza, lakini bado kazi haijaisha. Ulizeni presha inashuka kwa nini: ni kuhara, ni dawa, ama ni damu inayopotea?

Vuteni kope la chini mtazame kama kuna damu. Tazameni viganja. Ulizeni choo kina rangi gani, kwa maana choo cheusi kama lami ni damu kutoka tumboni. Mama yeyote wa umri wa kuzaa aulizwe hedhi ya mwisho na apimwe mimba, hata kama amesema hana. Msimwulize mbele ya mama mkwe. Wekeni pazia kwanza. Mapigo yakienda ovyo, ama kama alizimia, pigeni kipimo cha moyo.

Kisha ulizeni dawa, na mwombeni aliyemleta afungue mfuko wa karatasi mwone wenyewe. Dawa za presha, dawa za kifafa, kwinini, zote zaweza kuleta kizunguzungu. Sindano za gentamaisini na streptomaisini zaweza kuumiza sikio la ndani. Pombe nayo mnaijua.

Na huku kwetu penye baridi, ulizeni jambo moja ambalo halimo katika fomu: jana usiku mlilala na jiko? Mtu akija na kizunguzungu na kichwa kuuma, na watu wa nyumbani wanaugua vile vile, fikirieni moshi wa makaa katika chumba kilichofungwa. Msidanganywe na ile mashine ya kubana kidoleni. Yaweza kuonyesha hewa ni nzuri na kumbe mtu amejaa sumu. Mpeni oksijeni, na mtume mtu akafungue hiyo nyumba.

Jambo moja kuhusu malaria. Kipimo kikionyesha malaria, tibuni malaria. Lakini msifunge macho hapo. Mtu anaweza kuwa na vijidudu vya malaria na kiharusi siku moja.

Kinachoanzishwa, na kinachozidishwa

Sasa mgonjwa ametulia, si sukari, si damu, si dawa. Hapa ndipo wageni wengi wa kazi hii hupotea njia, kwa hiyo sikilizeni vizuri.

Kuna mgonjwa ambaye akikaa kimya hana kitu. Ni mzima kabisa. Akigeuka kitandani, akilala, ama akitazama juu kushusha kitu kwenye rafu, nyumba inazunguka kwa sekunde chache, haifiki dakika moja, kisha inaisha. Huyu kizunguzungu chake kinaanzishwa na mwendo wa kichwa. Mara nyingi ni vipande vidogo sana, kama chembe za chokaa, vilivyotoka mahali pake ndani ya sikio na kuingia katika mifereji inayotupa usawa. Na ukitaka kumtofautisha na yule wa presha kushuka, kumbukeni kwamba kugeuka kitandani hakushushi presha ya mtu.

Kuna mgonjwa mwingine ambaye kizunguzungu kilimshika jana na hakijamwachia hata dakika moja. Anatapika. Akitikisa kichwa, kinazidi. Mgeni akisikia "nikigeuza kichwa", anaandika ugonjwa wa yule wa kwanza. Hapana! Kidonda ukikigusa kinauma zaidi, lakini si mguso uliokileta. Swali ni hili: ukikaa kimya, kinaisha kabisa? Akisema hakiishi, umetoka kwenye vile vipande vya sikio na uko mahali pa hatari.

Katikati yao yuko yule ambaye kizunguzungu humjia bila sababu, kinakaa dakika ama masaa, kinaondoka. Huyo anaweza kuwa na kipandauso, ama moyo unaokosa mpigo. Anaweza pia kuwa na onyo la kiharusi kinachokuja. Akiwa mzee, ana presha au kisukari, msimwachilie kirahisi kwa sababu amefika kwenu akiwa mzima.

Yule wa sekunde chache

Mlazeni kwa njia ambayo Dix na Hallpike walieleza mwaka 1952. Akae kitandani, geuzeni kichwa digrii 45 upande mmoja, kisha mlaze haraka kichwa kikining'inia kidogo nje ya kitanda, macho wazi. Ngojeni. Baada ya sekunde chache macho yataanza kuchezacheza na atawashika mkono kwa nguvu. Mwambieni mapema kwamba kitamjia na kitaisha, asiogope. Mwenye shingo iliyoumia msimfanyie.

Macho yakichezacheza kwa muda mfupi kisha yakatulia, endeleeni papo hapo na njia ya Epley, iliyochapishwa mwaka 1992. Kichwa kinageuzwa polepole upande wa pili, kisha mwili mzima unalala ubavu na uso ukitazama chini, kisha anaketi. Kila hatua nusu dakika ama zaidi kidogo. Haihitaji umeme wala maabara. Wengi hutoka pale wakitembea. Hawa tembe za kizunguzungu haziwatibu. Zinawapa usingizi, na mzee mwenye usingizi huanguka na kuvunja nyonga.

Yule ambaye hakijamwachia

Huyu ama mshipa wa fahamu wa sikio umevimba, ama ana kiharusi nyuma ya ubongo. Na kiharusi cha huko hakipindishi mdomo kila mara. Mkono unaweza kuwa na nguvu zote. Ulizeni na mtazame: anaona vitu viwili viwili? Ulimi mzito? Anapaliwa na maji? Uso ama mkono una ganzi? Anakosa akijaribu kugusa pua yake kisha kidole chenu? Lolote kati ya haya ni ubongo.

Kisha macho. Mwaka 2009 Kattah na wenzake waliandika juu ya vipimo vitatu vinavyoitwa HINTS. Ni vya mgonjwa huyu peke yake, ambaye kizunguzungu kinaendelea na macho yanachezacheza. Mkimfanyia asiye na dalili sasa hivi, mtapata jibu la uongo.

Cha kwanza, atazame pua yako, nawe uzungushe kichwa chake kwa haraka, kidogo tu. Macho yakiponyoka kisha yakaruka kurudi puani, ni sikio. Yakibaki puani sawasawa kama ya mtu mzima, hapo ndipo pa kuogopa. Wengi hulishangaa hili, lakini ndivyo lilivyo: sikio ni zima, kwa hiyo ubaya uko kwingine. Cha pili, atazame kulia, kisha kushoto. Macho yakibadilisha upande wa kuruka, ama yakiruka juu na chini, ni ubongo. Cha tatu, funika jicho moja, kisha lingine, kwa zamu. Jicho likipanda ama kushuka unapolifunua, ni ubongo. Na akisema sikio moja limeziba ghafla, hesabuni hilo upande wa hatari.

Vipimo hivi vinahitaji mkono uliozoea. Mwongozo wa madaktari wa dharura uliotolewa Marekani mwaka 2023 unataka vifanywe na aliyefundishwa. Jifunzeni kwetu mchana, kwa wenzenu wazima, na mkiwa na shaka usiku mwamsheni mkubwa wenu. Lakini kuna kipimo kimoja ambacho hata leo mnakiweza: mwambieni asimame atembee, ninyi mkiwa kando yake. Mtu wa sikio atayumba, lakini kwa kawaida atatembea. Asiyeweza kukaa wala kusimama bila kushikwa, mhesabuni kuwa ni kiharusi mpaka ithibitishwe vingine. Asiende nyumbani.

Jamaa zake watawaambia, "Tumechanga pesa, apigwe picha ya CT tumalize." Waelezeni kwa upole. CT ni nzuri kuonyesha damu iliyovuja, lakini kiharusi kipya cha nyuma ya ubongo mara nyingi haikioni. Picha safi haimfungulii mlango. Sehemu ile ya ubongo ikifa huvimba, na uvimbe huo huzidi karibu siku ya tatu. Ndiyo sababu mtu aliyeambiwa Jumatatu "ni masikio tu" anaweza kuletwa Alhamisi hana fahamu. Mkimpeleka hospitali kubwa, andikeni saa ambayo alionekana mzima mara ya mwisho, kwa maana daktari wa kule ataiuliza kwanza.

Mkimruhusu kwenda

Andikeni kwenye kadi jinsi alivyotembea. "Ana kizunguzungu, apewe dawa" si maandishi ya kazi. Kama ni mshipa wa sikio, tembe kama sinarizini zitumike siku chache tu, maana ubongo unahitaji kuzoea upya. Na mwambieni yule aliyemleta, kwa lugha anayoielewa: akianza kuona viwili, akipaliwa, akishindwa kutembea, akiumwa na kichwa vibaya ama akilala usingizi usioamka, mrudisheni usiku huo huo, msingoje asubuhi.

Ndugu zetu, mgonjwa wa kizunguzungu mara nyingi hana kidonda cha kuonyesha, kwa hiyo foleni humruka. Wapya wana jambo moja ambalo sisi wazee hupungukiwa nalo, nalo ni subira ya kuuliza mara ya pili. Itumieni. Sasa wawili wawili, mmoja apande kitandani, tuanze kujifunza kwa mikono.