Majina ya Kupanga ya Miji Yetu

Leo twataka kuzungumza nanyi habari za majina. Wala si majina ya watu, bali ya miji. Kila mji una jina lake liandikwalo katika ramani na juu ya vituo vya reli. Lakini mingi ina jina la pili, ambalo halikutoka serikalini bali limetoka vinywani mwa watu. Hilo ndilo jina la kupanga, yaani lakabu. Jina la kwanza latuonyesha mji ulipo. La pili latuambia jinsi watu wanavyouona. Basi tushike njia itokayo pwani ya Tanzania kwenda Ziwa Tanganyika, tutazame miji michache iliyo njiani.

Twaanza Dar es Salaam. Zamani mahali hapo palikuwa na kijiji cha wavuvi kilichoitwa Mzizima. Katika miaka ya 1860 Sayyid Majid bin Said, Sultani wa Unguja, alianza kujenga mji hapo, nao ukapewa jina la Kiarabu lenye maana ya nyumba ya salama. Jina hilo lilistahili, kwa kuwa bandari yake imeingia ndani na mlango wake ni mwembamba. Chombo kikisha kuingia hakiogopi tena mawimbi. Lakini watu wa siku hizi wameupa mji huo jina lingine: Bongo. Neno hili ni ubongo uliokuzwa, na maana yake ni kwamba atakaye kula katika mji ule hana budi kutumia akili. Sultani aliutazama mji kwa upande wa bahari, akaona salama. Mchuuzi autazama kwa upande wa soko, aona kazi. Wote wawili wamesema kweli. Tena lakabu hiyo imeenea, hata nchi nzima ya Tanzania huitwa Bongo.

Kiasi cha kilomita 70 kaskazini pana Bagamoyo. Hapa jina lenyewe ni kama lakabu, nalo hufasiriwa kwa njia mbili. Wengine husema ni bwaga moyo, neno la wapagazi waliofika pwani baada ya miezi mingi ya kuchukua pembe za ndovu, wakatua mizigo wakapumzika. Wengine husema ni neno la uchungu wa watumwa, ambao walijua kwamba wakipakiwa chomboni hawatauona tena mji wa kwao, wakaiacha mioyo yao pale ufukoni. Sisi hatukati shauri hilo. Njia ilikuwa moja, na misafara ile ile ilikuwa na wenye furaha na wenye huzuni. Lisilofaa ni kuwasimulia watoto maana ya kwanza kwa sababu yapendeza, na kuinyamazia ya pili kwa sababu yauma.

Kazi ya kujenga reli ilianza Dar es Salaam mwaka wa 1905, nayo ikafika Morogoro mwaka wa 1907. Mwaka wa 2024 treni za umeme zilianza kwenda huko kwa reli mpya. Msafiri akishuka Morogoro atasikia watu wakiuita Mji Kasoro Bahari. Ni neno la mzaha na la majivuno pamoja: milima mirefu ya Uluguru ipo, mito ipo, matunda na mboga vipo, kilichokosekana ni bahari tu.

Lakini tulifikiri neno hili zaidi. Katika milima hiyo ya Uluguru hutoka mto Ruvu, na sehemu kubwa ya maji wanayotumia watu wa Dar es Salaam hutoka katika mto huo. Kumbe mji wenye bahari hunywa maji ya milima ya Mji Kasoro Bahari! Maji ya chumvi hayakati kiu. Basi miti ya Uluguru ikikatwa ovyo, na miteremko ikilimwa bila matuta, mvua huchukua udongo, mito ikajaa matope wakati wa masika na kupungua wakati wa kiangazi. Hapo kasoro ya Morogoro haitakuwa bahari peke yake, na kiu itafika mpaka pwani. Jina la sifa ni amana. Aliyepewa hana budi kulitunza.

Tupite Dodoma na Tabora, tufike Kigoma. Mji huu watu huuita Mwisho wa Reli, kwa maana reli ilifika huko mwaka wa 1914 ikakutana na ziwa. Mtu wa mbali huweza kudhani kuwa ni neno la dharau, kama kwamba mbele hakuna kitu. Sivyo. Vipande vya meli iitwayo sasa Liemba vililetwa Kigoma kwa reli hiyo, vikaungwa, na meli ikashushwa majini mwaka wa 1915. Ng'ambo ya pili ni Kongo. Kaskazini ni Burundi, na kusini ni Zambia. Reli yaishia pale, safari haiishii.

Siku hizi miji mingi hujitungia maneno ya sifa na kuyaandika katika mbao za rangi kando ya barabara. Si vibaya, lakini wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mji ukijiita safi na mitaro yake imejaa taka, wapita njia watautungia jina lingine, na hilo ndilo litakaloshika.

Nanyi wanafunzi, waulizeni wazee wenu: kijiji chetu kiliitwaje zamani, na ni nani waliokiita hivyo, na kwa sababu gani? Yaandikeni majibu kabla wenye kuyajua hawajaondoka. Kwaherini.