Komunike inafika asubui, sauti ya WhatsApp ilishapita usiku

Tumeombwa tuseme namna telefone imegeuza mazungumzo kati ya wakubwa na wanainchi. Tutaanza na usiku ambao kila mutu wa Goma anaukumbuka.

Ilikuwa siku ya posho, tarehe 22 mwezi wa tano 2021. Magaribi, Nyiragongo ikalipuka, mbingu ikawa nyekundu. Watu hawakungoja radio. Walitazama juu, kiisha wakatazama telefone. Sauti za WhatsApp zilikuwa zinakimbia kupita moto wenyewe: "Lava iko inafika ku aeroport!" "Mukimbie Sake!" "Hapana, mwende Gisenyi!" Kila sauti ilikuwa na mutu anayelia ndani, kwa hiyo uliamini. Zingine zilikuwa kweli, zingine uongo, na mama mwenye watoto wane hakuwa na namna ya kuchagua. Neno la wakubwa lilipofika, wengi walikuwa tayari njiani, magodoro ku kichwa. Siku tano nyuma, gavana wa kijeshi akaamuru kartie 10 za muji zihame, na tukaanza tena: Sake, Rwanda, mashua za kwenda Bukavu, na sauti zingine zaidi.

Lakini kitu kinachotuuma mpaka leo ni ingine. Wataalamu wa Observatoire, wanaochunga ile volkano, walikuwa wamepitisha miezi bila feza ya kulipa intaneti. Muwaze. Katika muji ambamo mutoto wa sekondari hakosi mega za TikTok, wale waliopaswa kusikiliza mulima hawakuwa na rezo. Hatuwalaumu wao. Tunauliza tu nani alikuwa anapanga bajeti.

Zamani kazi ilikuwa rahisi kwa mukubwa. Alikuwa na komunike: karatasi, muhuri, sahihi. Inasomwa ku radio, na mambo yameisha. Mwanainchi alikuwa sikio tu. Leo mukubwa anaweka picha akikata kamba ya bomba la maji, na kabla ya saa sita mutu wa ile kartie anaweka video ya lile bomba, kavu kabisa. Hapo ndipo kuna mageuzi ya kweli. Mukubwa anapashwa kujibu.

Wengi hawapendi kujibu. Wamechukua chombo kipya wakaacha mudomo wa zamani. Na kuna vijana wa umri wetu, tunawajua, wanaopewa mega kila asubui ili waandike djalelo chini ya picha za wakubwa na matusi chini ya maneno yetu. Tusiwachukie sana. Njaa iko. Lakini tusijibu matusi yao pia, juu kila tusi tunalorudisha linawapa kazi ya kesho.

Wakati djalelo haitoshi, wanakata. Desemba 2011, kiisha uchaguzi, walikata SMS karibu mwezi muzima. Viziwi, ambao SMS ndiyo sauti yao, wakabaki kimya katika muji wenye polisi njiani. Januari 2015, wakati watu walikuwa barabarani juu ya sheria ya uchaguzi, intaneti ikakatwa. Tarehe 31 Desemba 2017, siku ya maandamano ya wakristu, tena. Desemba 2018, siku moja kiisha kupiga kura, tena, karibu wiki tatu. Sisi wa Goma tulikuwa na bahati ya mupaka: unaweka kadi ya Rwanda, unasogea pembeni ya barrière, unatafuta rezo. Mutu wa Kindu ao wa Mbuji-Mayi hana barrière ya kusogelea. Na musisahau kwamba Yves Makwambala, aliyefungwa pamoja na Fred Bauma Machi 2015 na kutoka tu Agosti 2016, kazi yake ilikuwa kutengeneza site za intaneti na picha. Wakubwa wanajua nguvu ya hiki chombo. Pengine kutupita.

Sasa tuseme yetu, juu hatukuja hapa kusema makosa ya wengine tu.

Kuna siku tuliweka picha. Miili chini, nyumba zinawaka, na tukaandika jina la kijiji chetu. Habari ya kijiji ilikuwa ya kweli: watu walikufa, tulikuwa na majina yao kutoka kwa jamaa zao. Lakini picha ilikuwa ya inchi ingine, ya miaka mingi nyuma. Mwenzetu mumoja aliipata ku grupe, akalia, akaituma. Hakuna aliyeuliza. Kesho yake asubui, mutu wa serikali akaweka ile picha pembeni ya ile ya zamani na kusema: "Munaona? Ni uongo wote." Ikaisha. Wale wafu wetu, wa kweli, wenye majina, wakafa mara ya pili. Tulifuta, tukaomba musamaha. Musamaha uliwafikia watu wachache sana. Picha ilishafika mpaka Ulaya. Baba wa marehemu mumoja alitupigia telefone. Hakukasirika. Aliuliza tu: "Sasa nani ataniamini?" Hatukuwa na jibu, na mpaka leo hatuna.

Tangu pale, hakuna picha inayotoka kwetu bila kujua nani alipiga, wapi, siku gani. Watu wawili wanaangalia. Kama mupigaji yuko katika hatari, jina lake linabaki kwa wawili wale tu. Tunachelewa, ndiyo. Wengine wanatuambia: "Nyinyi munalala!" Tunakubali kuitwa walalaji saa mbili, tatu. Na matangazo ya maana tunayapeleka pia na megafone sokoni na ku kanisa, juu mama anayeuza sombe ana kale katelefone ka batani, na mambo haya ni yake kwanza.

Mwezi huu tunataka kijana mumoja kwa kila kartie ajifunze kazi ya kuangalia picha. Kalamu na karatasi viko pale kwa mulango. Sasa maswali. Tuanze na dada wa pale nyuma, amenyanyua mukono tangu kitambo.