Kifuniko cha Tangi, Dumu la Plastiki na Waya wa Ardhi

Maneno ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya waraghbishi na waendesha pikipiki wa mradi, Kasesya, mkoani Rukwa



 Ratiba inasema nizungumzie utunzaji wa vyombo vya mradi. Habari za kubadili oili na kukaza mnyororo mnazijua kuliko mimi, kwa hiyo naziacha. Nitazungumzia jambo moja tu: ile dakika moja ambapo petroli inatoka katika dumu na kuingia katika tangi.

Sababu mnaijua. Mwezi wa saba mwaka jana mraghbishi wetu mmoja aliungua mikono yote miwili. Yupo hapa ukumbini, na ameniruhusu nisimulie bila kumtaja jina. Alikuwa ametoka kwenye mikutano tangu asubuhi. Ilikuwa jioni, upepo mkavu wa kiangazi unavuma, naye amevaa sweta mbili kwa ajili ya baridi. Pikipiki ilikuwa imezimwa tangu mchana, injini imepoa. Jikoni moto ulikuwa haujawashwa. Yeye havuti sigara. Tangi la pikipiki yake halikuwa na kifuniko kwa muda wa miezi mitano. Lilizibwa kwa kitambaa kilichofungwa nailoni juu yake. Akachomoa kitambaa, akaweka faneli ya plastiki, ndani ya faneli akaweka kipande cha soksi ili kuchuja uchafu, akainua dumu la lita tano na kuanza kumimina. Anasema alisikia mlio mdogo, kama mtu anayepuliza mshumaa. Halafu mikono ikawa inawaka.

Nani aliwasha? Siwezi kuapa mbele yenu. Lakini tulitafuta moto mahali pote tukaukosa, na nilipoandika maelezo ya tukio nikajikuta nakumbuka jambo nililofundishwa na mzee mmoja mwenye ndege.

Mwaka 2011 nilikuwa miongoni mwa wageni waliotembelea marafiki wa dayosisi yetu huko Marekani, jimbo la Wisconsin. Mwenyeji wangu alikuwa mzee mstaafu, mtu wa maneno machache. Jioni ya kwanza alinipeleka kwenye gereji yake. Mle ndani hapakuwa na gari. Palikuwa na ndege ya watu wawili, ambayo alikuwa anaiunda kwa mikono yake mwaka wa sita. Nilidhani ananitania. Kumbe katika jimbo hilohilo, kwenye mji wa Oshkosh, kuna makao ya chama cha watu wa namna hiyo, Experimental Aircraft Association, kilichoanzishwa mwaka 1953, na sheria za kwao zinamruhusu raia kujiundia ndege na kuirusha baada ya kukaguliwa. Hapa kwetu nasi tumesoma magazetini habari za mafundi waliojaribu kuunda helikopta, mmoja wao hapo Tunduma tu, kwa hiyo msicheke sana.

Ndege ya yule mzee haikuwa ya bati. Ilikuwa ya nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi, yaani ile faiba inayotumika kutengeneza boti. Hata matangi ya mafuta ndani ya mabawa yalikuwa ya faiba. Siku ya kujaza petroli kwa ajili ya kujaribu injini nilijitolea kumsaidia, nikalibeba dumu na kuanza kufungua kifuniko cha tangi. Alinishika mkono. Hakukasirika, ila hakuniachia. Kwanza alichukua waya mrefu wenye kibanio, akaubana kwenye chuma kilichochomekwa ardhini, ncha nyingine akaibana kwenye chuma cha ndege. Kisha akaunganisha faneli yake, ambayo ilikuwa ya chuma, na ndege hiyohiyo. Kisha akanigusisha mimi kiganja kwenye chuma. Ndipo akafungua kifuniko.

Nilimuuliza kama hayo yote ni kwa ajili ya lita kumi. Akanieleza kuhusu umeme tuli.

Umeme huo mnaufahamu. Ni ule unaolia ta-ta-ta unapovua sweta usiku wa mwezi wa sita, na gizani unaona vimulimuli. Ni umeme unaozaliwa vitu viwili vinaposuguana na kuachana, kisha ukakaa palepale kwa sababu hauna njia ya kwenda. Wakati wa masika hewa ina unyevu na umeme huo hupotea wenyewe. Wakati wa kiangazi, na hasa huku kwetu Ufipa ambako upepo hukausha hata midomo, unabaki mwilini na kwenye nguo. Petroli nayo inapopita ndani ya bomba, au inapochujwa kwenye kitambaa, au inapoanguka kutoka juu, huzalisha umeme huo. Petroli haipitishi umeme vizuri, na plastiki haipitishi kabisa. Kwa hiyo umeme unajikusanya kwenye mafuta, kwenye dumu na kwenye faneli, ukisubiri kitu cha chuma au kidole cha mtu kikaribie. Hapo unaruka, na ile ndiyo cheche.

Cheche hiyo ni ndogo, ni kweli. Lakini wataalamu wameipima: cheche ambayo wewe unaisikia kidoleni tayari ina nguvu kuliko inayotakiwa kuwasha mvuke wa petroli. Wala msiitegemee baridi. Mafuta ya taa hayatoi mvuke wa kutosha kushika moto mpaka yafikie joto la nyuzi 38 hivi, na dizeli zaidi ya nyuzi 50. Petroli hutoa mvuke huo hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Mvuke wenyewe ni mzito kuliko hewa, haupandi juu kama moshi. Unatambaa chini, unapita chini ya mlango, unafika jikoni kwa mama. Na hapa nataja kwa haraka jambo lililo nje kidogo ya mada: dumu la petroli lisitumike kamwe kwa mafuta ya taa. Petroli kidogo iliyobaki ndani yake inatosha kugeuza koroboi kuwa bomu.

Basi mtaniambia, mbona vijana wanamimina kila siku na hawaungui? Ni kweli. Mioto mingi ya petroli hutokana na injini yenye moto, sigara, na jiko. Umeme tuli ni sababu ya mara chache. Lakini ni sababu ambayo mtu mwangalifu haioni, ndiyo maana inamkamata mtu kama ndugu yetu, ambaye alizima injini na kungoja ipoe.

Mwaka 1998 idara ya Marekani inayochunguza usalama kazini, NIOSH, ilitoa onyo juu ya watu waliojaza madumu yakiwa juu ya bodi la pikapu lililotandikwa plastiki. Umeme haukuwa na njia ya kushuka ardhini, mafuta yakawaka. Sasa angalieni sisi tunavyofanya kwenye sheli. Dumu limefungwa kwa mpira juu ya keria, pikipiki imesimama juu ya matairi ya mpira, kijana hataki kufungua kamba, anamwambia mhudumu, weka humohumo. Ni jambo lilelile. Fungua kamba. Shusha dumu chini, liguse ardhi, na bomba liguse mdomo wa dumu wakati wote wa kujaza.

Jingine ni simu. Kila kituo kina picha ya simu iliyokatwa kwa mstari mwekundu, nami sisemi muivunje amri hiyo. Lakini Petroleum Equipment Institute ya hukohuko Marekani ilikusanya taarifa za mioto zaidi ya 150 iliyotokea watu wakijaza mafuta, na haikupata hata mmoja uliothibitishwa kuletwa na simu. Kilichoonekana mara nyingi ni mtu aliyeanza kujaza, akarudi kukaa kwenye kiti cha gari, akasuguana na kiti, akateremka na kushika bomba bila kugusa chuma kwanza. Ninyi hamna kiti cha gari, ila mna sweta na makoti ya nailoni.

Nirudi kwenye kifuniko, maana hapo ndipo penye deni langu.

Kwa rubani kifuniko cha tangi si kitu cha kufunga na kusahau. Ndege nyingi ndogo zina kifuniko juu ya bawa, na hewa inayopita juu ya bawa hunyonya kwenda juu. Ndiyo inayoibeba ndege. Kifuniko kikilegea, hewa hiyohiyo huyanyonya mafuta na kuyatoa nje, rubani akiwa angani. Mpira wake ukichakaa, mvua huingia, na maji kwa kuwa ni mazito kuliko petroli hukaa chini kabisa, penye mdomo wa kwendea injini. Kwa hiyo kila asubuhi rubani hukinga mafuta kidogo kutoka chini ya tangi na kuyatazama kwenye chupa. Vipo vifuniko vyenye mkono wa kukunja, na mkono huo lazima uelekee nyuma, ili upepo wa mbele usiunyanyue. Yule mzee alikuwa na desturi ya kukigusa kila kifuniko kwa mkono kabla ya kupanda, hata kama amekifunga yeye mwenyewe dakika tano zilizopita. Nilimwona akipanda, akashuka, akakigusa tena.

Kifuniko cha pikipiki kina kazi hizohizo, ukiacha hiyo ya bawa. Kinazuia mvuke usitoke na maji yasiingie. Kina na tundu dogo la kupitisha hewa, na mkiliziba kwa gundi injini itazima njiani mkamlaumu fundi. Kitambaa hakifanyi lolote kati ya hayo. Kinalowa petroli, kinatoa mvuke mchana kutwa katikati ya magoti yako, na kila ukikichomoa kinasugua. Nailoni nayo ndiyo mama wa umeme tuli. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu Juni 2019, lakini nimehesabu pikipiki tatu hapo nje zenye mifuko hiyo kwenye tangi.

Sasa deni. Barua ya kuomba kifuniko cha pikipiki ile ilifika mezani kwangu mwezi wa pili. Bei yake ilikuwa ndogo kuliko soda tulizokunywa asubuhi hii. Niliandika pembeni kwa kalamu nyekundu, "Isubiri robo ijayo," kwa sababu fungu la vipuri lilikuwa limekwisha na sikutaka kuomba kibali cha kuhamisha fedha. Kabla kifuniko hakijanunuliwa ndugu yetu alikuwa wodini. Nimemwomba radhi nyumbani kwake, na leo nasema mbele yenu ili isionekane kwamba semina hii ni ya kuwafundisha vijana uzembe wao.

Tangu mwezi wa tisa tumebadili utaratibu. Kifuniko, mpira wake na faneli ya chuma vinanunuliwa kwa fedha ndogo za ofisi, bila barua. Fundi akisema, vinanunuliwa siku hiyo. Pikipiki isiyo na kifuniko haitoki.

Na katika kumimina, fanyeni hivi. Toka nje, mbali na jiko. Injini ipoe. Simamisha pikipiki kwa stendi ya chuma juu ya udongo, si juu ya turubai wala zulia. Shika chuma cha pikipiki kwa kiganja kitupu, mbali na mdomo wa tangi, kabla hujafungua kifuniko, na usivue wala kuvaa sweta hapo katikati. Faneli iwe ya chuma na iguse mdomo wa tangi. Chujio liwe la waya, soksi ibaki mguuni. Mimina polepole. Usijaze mpaka juu. Moto ukitokea usilirushe dumu, maana utausambaza. Ondoka, na ufunike kwa mchanga au blanketi zito lililolowa, maji usimwage. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya kawaida kwa dakika 20 kisha aende zahanati. Dawa ya meno, unga na mafuta ya kupikia visiguse kidonda.

Najua hapa ni mpakani, na bei ya huku na ya upande wa Zambia zinapopishana, madumu huvuka usiku na kulala chini ya vitanda. Kuuza petroli bila leseni ni kosa, na wahusika wanajua. Mimi naomba tu yasilale chumba kimoja na watoto. Siku ya tarehe 10 Agosti 2019 pale Msamvu, Morogoro, watu zaidi ya 100 walikufa kwa petroli iliyomwagika kutoka katika lori moja, na wengi wao walikuwa wameshika madumu kama haya yetu. Kwa wenye mtaji, Wakala wa Nishati Vijijini, REA, una mpango wa mikopo ya vituo vidogo vya mafuta vijijini; akina mama wa vikundi, tuonane baada ya chakula tuulizie masharti pamoja.

Fundi amekuja na vifuniko 9 na faneli 12. Zile pikipiki tatu za mifuko zianze. Nyingine zipangwe chini ya mwembe, na kila mwendeshaji asimame na ya kwake, tangi likiwa limefungwa mpaka atakapoitwa.