Ishara za Maji: Kuyapata na Kuyachagua

Mazungumzo na wafugaji wa Kyela na mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa



Nikisema leo tuzungumzie namna ya kutafuta maji, najua wapo watakaocheka. Kyela ni miongoni mwa wilaya zinazopata mvua nyingi kuliko nyingine Tanzania. Kwa mwaka hupita milimita 2,000. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo inatiririka kuja ziwani hata kiangazi. Nani atakosa maji hapa?

Lakini ninyi mnaochunga mnaijua hali ya Agosti hadi Oktoba. Vijito vidogo vinakatika na madimbwi yanakauka. Mpunga ukishavunwa mnafuata mabua, kisha mnasogea mbali zaidi, na kijana anajikuta na ng'ombe ishirini wenye kiu mahali asipopafahamu. Ng'ombe wetu mmoja wa asili huhitaji lita 20 hadi 30 kwa siku wakati wa joto, na anayenyonyesha huhitaji zaidi. Hapo ndipo mtu anapokimbilia maji yoyote yaliyo karibu, na hapo ndipo hasara inapoanza.

Kwa hiyo shikeni neno hili moja: ishara inakuambia maji yapo, haikuambii kwamba yanafaa. Tutazungumza kwanza kuyapata, kisha kuyachagua.

TAZAMA ARDHI NA MITI

Maji hufuata bonde. Ukiwa juu ya kilima, tafuta mstari wa kijani unaopita katikati ya majani makavu. Chini ya Milima ya Livingstone, pale mteremko mkali unapokutana na tambarare, chunguza miguu ya miamba. Chemchemi nyingi hutokea mahali pa namna hiyo.

Mkuyu mkubwa wenye majani mabichi katikati ya kiangazi una mizizi iliyofika kwenye unyevu. Matete na mafunjo husema maji yako karibu sana na uso wa ardhi. Lakini mti mmoja peke yake usikudanganye. Mizizi inaweza kufika chini kuliko utakavyoweza kuchimba kwa jembe.

Katika mkondo uliokauka, nenda kwenye kona, upande wa nje, pale mto ulipokula ukingo. Hapo ndipo palipokuwa na kina, na maji hukaa hapo mwisho.

TAZAMA NDEGE, NYUKI NA NJIA ZA WANYAMA

Ndege wanaokula mbegu, kama njiwa, hunywa kila siku. Jioni wakiruka chini chini, moja kwa moja, kuelekea upande mmoja, wanakwenda majini. Mwewe na tai msiwafuate, kwa sababu hupata maji katika nyama wanayokula.

Nyuki hawakai mbali na maji. Ukiwaona wengi wametua kwenye udongo wenye unyevu, hapo pana maji au palikuwa nayo karibuni. Sauti ya vyura usiku nayo ni ishara nzuri.

Njia ndogo za wanyama zikiungana na kuwa njia moja pana, mara nyingi upande zinakoungania ndiko kwenye maji.

Usitegemee ishara moja. Zikikutana mbili au tatu mahali pamoja, ndipo uchoke kuchimba.

KUCHIMBA KWENYE MCHANGA

Chimba mahali pa chini kabisa pa kona ile niliyoitaja. Mchanga ukianza kuwa na unyevu kabla hujafika kiunoni, endelea. Ukifika kiunoni ungali mkavu, hamia mahali pengine. Usichimbe shimo refu ukiwa peke yako, kwa maana mchanga huporomoka na kumfukia mtu. Panua mdomo wa shimo, na mwenzako akae juu.

Maji ya kwanza yatakuwa na tope. Yachote, uyamwage, subiri yajae tena. Rudia mara mbili au tatu mpaka yawe maangavu. Ukimaliza, fukia shimo au liwekee miba, lisije likamvunja ndama mguu au kumzamisha mtoto.

Njia hii inafaa hata pale palipo na dimbwi. Badala ya kuchota dimbwini, chimba hatua kumi kutoka ukingoni. Mchanga utachuja tope. Hautaondoa vijidudu vyote, kwa hiyo maji ya kunywa watu lazima yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini.

SASA TUCHAGUE

Hapa ndipo nataka mnisikilize kwa makini, maana kwetu adui mkubwa si kiu, ni maji mabaya.

Kwanza, minyoo ya ini. Mayai yake hutoka na kinyesi cha ng'ombe, huanguliwa majini, huingia ndani ya konokono, kisha vimelea hutoka na kujishikiza kwenye majani ya ukingoni. Ng'ombe akila majani hayo, ameyala. Sasa fikirini: kiangazi majani mabichi yanabaki wapi? Ukingoni mwa maji na kwenye majaruba. Ukijani uleule uliokuonyesha maji ndipo ugonjwa unapokaa. Ng'ombe akikonda ilhali anakula, akiwa na utando wa macho uliopauka, au akivimba chini ya taya, mwite afisa mifugo wa kata. Si kila dawa ya minyoo inaua minyoo ya ini. Mweleze dalili ulizoziona, naye akuchagulie.

Pili, kichocho. Hiki ni cha watu, na kimo katika Ziwa Nyasa na katika maji yaliyotulia. Vimelea vyake hupenya ngozi ya anayesimama majini. Kijana anayeingia mpaka magotini kuwasukuma ng'ombe ndiye anayekipata. Akikojoa damu, apelekwe zahanati, dawa ipo.

Tatu, mamba. Midomo ya mito na sehemu zenye matete ni makao yake. Usinyweshe mahali palepale saa ileile kila siku, kwa sababu hujifunza na kukuvizia.

Nne, sumu za shambani. Maji yanayotoka shamba lililopigwa dawa, yenye povu, yenye vyura au samaki waliokufa, au yaliyofunikwa na utando wa kijani kama rangi ya mafuta, yaacheni.

Tano, na hili vijana wengi hawalijui. Eneo letu liko kwenye Bonde la Ufa, na zipo chemchemi za moto. Ukungu wa asubuhi juu yake unaweza kukufanya udhani umepata maji ya kunywesha. Pengine maji hutoa mapovu ingawa ni ya baridi. Mapovu hayo mara nyingi ni hewa ukaa inayotoka chini ya ardhi. Wilayani Rungwe huvunwa kwa matumizi ya viwandani. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hulala kwenye mashimo, haionekani, na huua mnyama au mtu. Ukikuta ndege au wadudu wamekufa ndani ya shimo, usishuke na usimwingize mbwa. Ondoa mifugo.

NAMNA YA KUNYWESHA

Chota maji uyamimine kwenye birika au gogo lililochongwa, mbali na ukingo. Ng'ombe hatii kinyesi majini, hali majani ya ukingoni, mchungaji haingii majini, na mamba hapati mawindo. Ni kazi, najua. Kama kundi ni kubwa mno, chagueni mahali pamoja penye mchanga au mawe, maji yanayokwenda, pasipo na matete, mnyweshe kwa zamu na kuondoka mara moja. Watu wachote upande wa juu wa mto, mifugo inywe upande wa chini.

KABLA HAMJAONDOKA

Kila kaya ifanye jambo moja wiki hii. Wazee wakae na vijana wao wawatajie kila kisima, kona ya mto na chemchemi wanayoijua kati ya nyumbani na machungani, na waseme ipi ni ya kunywesha na ipi ni ya kuepuka. Akina mama waulizwe pia, kwani wao ndio wanaochota kila siku na wanajua ni ipi hukauka mwisho. Kijana anayekwenda machungani akiwa na orodha hiyo kichwani hatakimbilia dimbwi la kwanza atakaloliona.

Mwenye swali na aulize.